Muvi ikirudiwa: maneno ya kibandani na ukweli wake

Kuna kibanda umiza kimoja Majengo, hapa Dodoma: mabenchi ya mbao, na pazia la khanga kuukuu mlangoni kuwazuia wapiga chabo. Ikiwekwa muvi ya zamani iliyotengenezwa upya, ubishi unaanza kabla steringi hajatokea. Haya ndiyo ninayoyasikia pale.

“Wazungu wameishiwa hadithi, ndiyo maana siku hizi wanarudia.”

Siku hizi zipi? *Ben-Hur*, riwaya ya Lew Wallace ya mwaka 1880, ilitolewa kama filamu fupi mwaka 1907. Ikarudiwa 1925, bado filamu bubu. Ile ya 1959, yenye mashindano ya magari ya farasi tuliyoyasubiri kwetu kila Pasaka, ilikuwa ya tatu, na ilizoa tuzo 11 za Oscar. Ikaja nyingine 2016, ikadoda. Hadithi ileile, na iliyofana zaidi si ya kwanza wala ya mwisho.

“Ya kwanza ndiyo yenyewe.”

Mara nyingi tunayoiita ya kwanza ni ile tuliyoiona sisi kwanza. *The Maltese Falcon* ya 1941, inayosifiwa hadi leo, ilitanguliwa na mbili kutoka kitabu hichohicho, 1931 na 1936. Nani anazikumbuka?

“Mitambo ikiwa mipya, muvi inakuwa bora.”

Hapa ndipo ninapogombana na vijana. *The Lion King* ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Ya 2019 ilitengenezwa kwa kompyuta, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Kwa hiyo kibiashara hawakukosea. Lakini niliitazama na mpwa wangu wa miaka saba, na Mufasa alipokufa akanigeukia: “Mjomba, mbona huyu mtoto hasikitiki, si baba yake amekufa?” Simba wa kuchorwa ana nyusi, na mdomo wake unatetemeka. Huyu mpya anafanana kabisa na simba wa Ruaha, na simba wa Ruaha hana uso wa kulia. Uhalisia wote ule umeenda kuua kilio.

Mwaka 1998 kuna mwongozaji aliyeirudia *Psycho* ya 1960 karibu pigo kwa pigo, ila kwa rangi. Rangi ilipatikana, hofu, kwa macho yangu, ilibaki kwenye ile ya nyeusi na nyeupe. Kama huna jipya la kusema, kwa nini usituwekee tu mkanda wa zamani?

“Hadithi ikishatoka ni ya wote, jichukulie.”

Thubutu. *A Fistful of Dollars* ya 1964 ilichota hadithi ya *Yojimbo*, filamu ya Japani ya 1961, bila ruhusa. Walishitakiwa, wakalipa.

“Hayo ni ya Hollywood, sisi yanatuhusu nini?”

Mwalimu Nyerere alipoitafsiri *The Merchant of Venice* ya Shakespeare, hakuandika mfanyabiashara. Aliandika *Mabepari wa Venisi*, ikatoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza amekuwa mabepari wengi, na msomaji wa wakati ule alijua anaambiwa nini. Kurudia kwa namna hiyo ndiko ninakokutetea.

Hata mtafsiri wa muvi pale Majengo hufanya hivyo. Mpishi wa Kichina anageuka mama ntilie wa Sabasaba anayedai hela yake ya ugali, na kibanda kizima kinaangua kicheko mahali ambapo mwongozaji hakuweka kichekesho chochote.

Na bibi yangu kule Mvumi alitusimulia sungura na fisi miaka yote ya utoto wetu, kila usiku kwa mwisho tofauti. Tukimkumbusha kwamba jana fisi hakufa, anachochea moto na kusema yule wa jana alikuwa fisi mwingine.