Unamwimbia nani, na saa ngapi?

Msanii mchanga anayejitegemea akikaa na mtu wa kumshauri, swali la kwanza huwa "nitatokaje?" Mimi hulirudisha nyuma kidogo: ukishatoka, utakuwa umetoka na nini?

Jibu ni kusudi, na kusudi si ile sentensi ya "naelimisha, naburudisha na kuonya jamii" ambayo kila msanii anayo tayari akihojiwa. Jamii haisikilizi wimbo. Anayesikiliza ni mtu mmoja, akiwa na simu yake, anafanya jambo fulani. Kwa hiyo mtaje: dereva wa usiku anayepigana na usingizi, binti anayejipamba kwenda kwenye sherehe, mtu aliyetoka kuzika. Kila mmoja ana saa yake, na saa hiyo ndiyo inayoamua mambo unayodhani ni ya prodyuza peke yake. Aliyetoka kuzika hataki biti ya mapigo 125 kwa dakika. Anayejipamba hatavumilia utangulizi wa sekunde 40. Ukijua unamwimbia nani na saa ngapi, nusu ya mabishano ya studio yamekwisha.

Mtu huyo humpati kwa kuwaza. Anapatikana kwa kumaliza nyimbo, na nasema kumaliza: vesi zote, kiitikio, mwisho unaoeleweka. Nashauri kumi kabla ya kuachia hata mmoja. Zirekodi kwa simu, ziache wiki mbili, kisha zisikilize ukiwa na kalamu. Andika sekunde ambayo akili yako ilitoroka, na mstari ambao unaamini hakuna mwingine angeuandika vile. Mara nyingi mistari ya namna hiyo hurundikana kwenye nyimbo mbili au tatu zenye hali moja. Hapo ndipo pako, hata kama ulikuwa na ndoto ya kuimba kitu kingine.

Kisha wape watu watano ambao si ndugu zako. Usiwaulize "umeipenda?" Watasema ndiyo, wana adabu zao. Subiri kesho yake, umwombe kila mmoja akuimbie anachokumbuka, bila kumchezea tena. Akikumbuka melodi na kubuni maneno yake, maneno yako hayajashika, na sababu ya kawaida ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Melodi ikikaza kwingine, sikio linajikwaa. Chukua neno "barabara": kaza silabi ya tatu, ni njia ya magari, kaza ya pili, umesema sawasawa. Imba mstari wako polepole ukipiga kofi kwenye kila pigo zito, uone kofi linaangukia silabi ipi. Pale linapoangukia pabaya, badilisha neno, usibadilishe lugha.

Kuhusu kurekodi nitapita haraka. Sauti ikae karibu shubiri moja kutoka kwenye maiki, na kilele chake kisipande zaidi ya desibeli -6 kwenye kipimo cha sauti. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi dijitali haiponi kwa mastaring yoyote, yaani ule usafishaji wa mwisho wa wimbo. Wala usimsukume fundi akupe wimbo unaopiga kelele kuliko wote: Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, kwa kawaida hushusha wimbo wenye kelele zaidi hadi kiwango cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo unachopoteza ni uhai wa ngoma, na kelele yenyewe huipati. Siku ya kuchukua kazi, ondoka na WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya bit 24 ya wimbo kamili, ala tupu, sauti tupu, na toleo la shoo lenye ala na viitikio vya nyuma bila sauti kuu. Wengi huondoka na MP3 iliyotumwa kwa simu halafu diski ya studio inakufa, na msanii anajikuta jukwaani akiimba juu ya sauti yake mwenyewe.

Sasa karatasi, mahali ambapo kazi nyingi huzikwa zikiwa hai.

Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta. Zina wamiliki wanaoweza kuwa tofauti, na mirabaha yake, yaani malipo ya mwenye kazi kila inapotumika, hupita njia tofauti. Tuseme mko watatu studio: wewe umeandika vesi, rafiki ametoa kiitikio, prodyuza ametengeneza biti. Kabla ya kutawanyika, jazeni ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, majina halisi na ya kisanii, nani alifanya nini, asilimia za utunzi, asilimia za rekodi, sahihi. Kila safu ijumlishwe ifike 100 peke yake. Kosa linalojirudia ni kuchanganya safu mbili kuwa moja, prodyuza anaandikiwa 40 bila kusemwa ni 40 ya nini. Wimbo ukiwa haujulikani, mazungumzo haya huchukua dakika kumi. Ukishapendwa, yanachukua mawakili.

Biti za kununua mtandaoni zina mtego wake. Nyingi ni za kukodi: unapewa ruhusa yenye ukomo wa muda au wa idadi ya kusikilizwa, na wengine mia wanaweza kukodi biti hiyohiyo. Soma kama unaruhusiwa kuisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wa nani umetumika; kwa biti za kukodi jibu huwa hapana. Mfumo ule hulinganisha sauti, haujui nani alikodi lini. Mmoja akisajili, video za wengine wote zenye ala ile zinaweza kudaiwa kuwa ni zake.

Hakimiliki huhitaji kuiomba. Mkataba wa Berne wa 1886 na marekebisho yake umeweka kwamba ulinzi unaanza kazi inapoundwa. Ila kulindwa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Sajili utunzi wako kwenye chama cha kukusanya mirabaha, kwa jina lako halisi, na jina hilo liandikwe vilevile kila mahali. Herufi moja ikitofautiana, pesa inakaa kwenye chungu cha wasiojulikana.

Rekodi nayo ina kitambulisho chake, ISRC, chenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za nchi, tatu za msajili, mbili za mwaka, tano za namba ya rekodi. Ziandike kwenye daftari lako. Ukihama msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye majukwaa ya mtandaoni, mpe mpya ISRC ileile. Ukimwacha akupe nyingine, majukwaa yanaweza kuuona wimbo kuwa mgeni na hesabu yako ya kusikilizwa ya miaka miwili ikaanza sifuri. Rimiksi inapata mpya, kwa kuwa ni rekodi nyingine.

Kuachia: mpe msambazaji wimbo wiki nne kabla. Spotify inataka ombi la kuingizwa kwenye orodha zao za wahariri lifike angalau siku 7 kabla ya kutoka, na wimbo ukiwa umeshatoka nafasi hiyo imepita. Kava iwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao, maana hurudishwa. Spotify huhesabu usikilizaji ukifika sekunde 30, ndiyo maana yule binti anayejipamba asisubirishwe. Tangu 2024, rekodi isiyofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi mirabaha ya rekodi huko. Hapo ndipo kishawishi cha kununua wasikilizaji kinapoingia. Usinunue. Wimbo huondolewa, msambazaji anaweza kukatwa faini na akairudishia kwako, na jukwaa linaanza kuupeleka muziki wako kwa akaunti zinazofanana na zile za uongo. Kiki nayo, vile vituko vya kutafuta umaarufu, huleta macho, masikio hayafuati sana.

Ukiwa mchanga, chakula kitatoka zaidi kwenye shoo. Andaa dakika 20 ambazo unaweza kuzifanya hata ukiamshwa usiku. Na usifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, hata kama inapendeza kwenye picha: matundu ya nyuma ndiyo yanayoisaidia kukataa sauti za spika, ukiyaziba inazipokea zote na mluzi unaanza. Baada ya shoo, omba namba au barua pepe za waliokufuata hadi pembeni mwa jukwaa. Akaunti inaweza kufungwa usiku mmoja, ila daftari la namba unabaki nalo.

Lebo, yaani kampuni ya kurekodi, itakapokuja, na huja kwa wenye daftari, malipo ya awali yasome kama deni: yanarudishwa kutoka kwenye mgao wako, si kutoka mapato yote, kwa hiyo unaweza kuwa umeshawaingizia mara kadhaa ya walichokupa na bado unadaiwa. Uliza masta itakuwa ya nani mkataba ukiisha. Halafu tazama muda unahesabiwaje. "Albamu tatu" si miaka mitatu. Kama wao ndio wanaoidhinisha kila albamu, ya pili inaweza kukaa mezani kwao hata miaka minne, nawe huruhusiwi kuimba kwingine. Dai tarehe ya mwisho iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka.