Mvua ya Kwenye Simu Nayo Huumiza Masikio

Wagonjwa wanaokuja kwangu wakilalamikia mvumo masikioni huniambia, karibu kwa maneno yaleyale, kwamba wao hawasikilizi muziki wa fujo. Husikiliza mvua na mawimbi tu, usiku kucha, wakiamini kwamba sauti ya asili haidhuru.

Seli za usikivu zilizomo ndani ya koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono, hupokea mtetemo na huchoshwa na ukubwa wake pamoja na muda wake, uwe umetoka baharini au kwenye mashine ya kusagia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Anayelala saa 8 kila usiku akiwa na vipokea sauti masikioni hutimiza saa 56, kabla hatujahesabu redio ya daladala. Aliyesomea chini ya paa la bati anakumbuka jinsi mvua ilivyomnyamazisha mwalimu, lakini mvua hiyohiyo ikirekodiwa huiita tiba. Mwaka 2014 watafiti wa Canada walipima mashine 14 za kuwalaza watoto wachanga, na 3 kati yake zilizidi desibeli 85 kwa umbali wa sentimita 30.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nimeurudia hadi nimechoka, ni kuvua vipokea sauti, kuweka spika ndogo upande wa pili wa chumba, na kuitegesha ijizime baada ya nusu saa. Mwenye mvumo asiuzamishe kwa sauti kubwa. Sauti ibaki chini yake kidogo, ili ubongo upate kuuzoea.

Kuhusu muziki wa masafa ya hezi 432 (mitetemo 432 kwa sekunde) unaodaiwa kuponya, huku ule wa hezi 440 ukidaiwa kudhuru, sina la kusema zaidi ya kwamba hezi 440 ni kipimo cha kulinganisha ala kilichopendekezwa London mwaka 1939, wala si sumu. Muziki wa taratibu hupunguza wasiwasi kabla ya upasuaji, lakini hauchukui nafasi ya vidonge vya shinikizo la damu.

Tena si kila mtu hutulizwa na mvua. Aliyekimbia mafuriko ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mwaka 2011 aulizwe kwanza. Mimi humpendekezea ndege wa alfajiri, au ukimya.