Motifu ya muziki katika filamu ni nini?

Motifu ya muziki ni kipande kifupi cha sauti, pengine noti mbili au tatu tu, ambacho mtunzi hukifunga na mtu, kitu au jambo fulani ndani ya filamu. Kikisikika, mtazamaji humkumbuka mwenye kipande hicho hata kama hayupo kwenye picha. Anayeshinda mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, huitambua boti kwa mlio wa injini kabla haijaonekana, na mtunzi wa filamu hutegemea mazoea ya aina hiyo hiyo.

Mbinu hii ni kongwe kuliko sinema. Richard Wagner wa Ujerumani aliitumia sana kwenye opera zake karne ya 19. Huko Hollywood mbinu hiyo ilishika kasi na mtunzi Max Steiner, aliyempa sokwe wa King Kong (1933) noti tatu zinazoshuka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jaws ya mwaka 1975, filamu ya samaki papa anayeshambulia watu. John Williams alichukua noti mbili zilizo jirani akazipokezanisha, polepole kwanza, kisha mbio. Papa wa bandia alikuwa akiharibika kila mara baharini, kwa hiyo mwongozaji, Steven Spielberg, hakuweza kumwonyesha sana. Muziki ndio ukawa papa. Kuna sehemu vijana wawili wanawatisha waogeleaji kwa pezi la kadibodi: watu wanapiga kelele, wanakanyagana kukimbilia ufukweni, lakini zile noti hazipigwi. Aliyetega sikio anajua hakuna papa pale. Baadaye, tukishazoea kuonywa, papa halisi anatoa kichwa nyuma ya boti bila noti yoyote kumtangulia, na ukumbi mzima unaruka. Williams alipata Oscar kwa kazi hiyo, na aliistahili.

Katika vibanda vya video vya Ujiji na Mwanga picha nyingi huja na sauti ya mtafsiri juu yake, na akiongea, muziki hushushwa. Wengi tumezipenda filamu kupitia watu hawa, nami nawaheshimu. Ila motifu haihitaji kutafsiriwa: anayejua Kiingereza na asiyekijua wanaisikia sawasawa. Kwangu, mtafsiri hodari ni yule anayejua pa kunyamaza.

Chukua filamu ya Kihindi Sholay, nayo ya 1975, muziki wa R. D. Burman. Jai, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, anakaa nje usiku akipuliza kinanda cha mdomo. Ng'ambo yake Radha, mjane, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Penzi lao lote limo kwenye ule wimbo mfupi, na ukirudi tena unaelewa wamefikia wapi.

Ninayoipenda kuliko zote ni kazi ya Ennio Morricone katika Once Upon a Time in the West (1968). Muziki uliandikwa kabla ya picha kupigwa, na mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga pale pale waigizaji wakiwa kazini, ndiyo maana mwendo wao unafuata muziki. Steringi hana jina, na mara nyingi akiulizwa swali hupuliza kinanda cha mdomo badala ya kujibu. Tunausikia mlio ule karibu filamu nzima kabla ya kuonyeshwa ulikotoka. Sitasema ni wapi, nisimharibie asiyeiona.

Kwa filamu za karibuni, Ludwig Göransson alikwenda Senegal akafuatana na mwanamuziki wa huko, Baaba Maal, kabla ya kutunga muziki wa Black Panther (2018). T'Challa, steringi, akapewa tama, ile ngoma inayobanwa kwapani, na adui yake Killmonger akapewa filimbi ya Wafulani.

Si kila muziki wa filamu ni motifu. Wimbo unaopigwa majina yakipita, kisha usirudi, ni wimbo wa filamu tu. Na kile kinanda cha huzuni kinachowekwa kwenye kila kilio katika filamu zetu nyingi si motifu pia, kwa kuwa si cha mtu yeyote. Kijana anayepiga filamu yake kwa simu hapa Kigoma anaweza kumpa mama wa hadithi noti tatu za zeze, azirudishe mama anapotajwa, azipunguze mwendo mama akiugua, na asimpigie mhusika mwingine hata mara moja.