Ganda la korosho linaua bakteria. Kwa kiasi gani?

Mbanguaji yeyote wa korosho, awe Newala, Tandahimba au Ruangwa, anayajua mafuta ya ganda. Yakimgusa mkono yanambabua, ngozi inakuwa nyeusi na kubanduka. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi, na asidi hiyo ikipelekwa maabara inaua stafilokokasi, bakteria wa majipu na vidonda, hata wale waliokwisha kuwa sugu kwa antibiotiki ya methisilini.

Hapo tayari mtu ana habari ya kusambaza WhatsApp. Mimi kazi yangu ni kupima mimea, na habari ya namna hiyo ikinifikia natafuta namba moja kabla ya kusoma chochote: kiasi kidogo kabisa cha dawa kilichotosha kuzuia bakteria wasiote.

Namba hiyo hupatikana hivi. Magome au mizizi hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye alkoholi, huchujwa, kisha alkoholi huondolewa mpaka ibaki lami nzito tunayoiita ekstrakti. Tunaiyeyusha na kuizimua nusu kwa nusu kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, halafu kila kishimo kinatiwa bakteria. Baada ya kulala usiku kucha kwenye joto la mwili, tunaongeza rangi maalumu. Palipo na bakteria hai panageuka pekundu. Palipobaki peupe dawa imefanya kazi. Mbinu hii ilielezwa na Jacobus Eloff wa Pretoria mwaka 1998, na uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine ya mamilioni.

Sasa mizani. Mwaka 2010 Victor Kuete wa Chuo Kikuu cha Dschang, Kamerun, alipendekeza kwamba ekstrakti ghafi ihesabiwe kuwa na nguvu ikizuia bakteria chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, na ikivuka 625 ni dhaifu. Siprofloksasini, antibiotiki ya hospitali, kwa bakteria asiye sugu, hufanya kazi chini ya mikrogramu 1. Lakini utakuta watu wanashangilia ekstrakti iliyofanya kazi kwa miligramu 10 kwa mililita, yaani mikrogramu 10,000. Piga hesabu: mtu mzima ana damu kama lita tano. Ili damu yake ifikie kiwango hicho, gramu 50 za lami ile ziwe zimeyeyuka ndani ya mishipa kwa wakati mmoja.

Magome yana mtego mwingine, nao ni tanini, kemikali ya mimea inayokausha ulimi. Gome la mkorosho limejaa tanini, na tanini hung'ang'ania protini yoyote inayokutana nayo, ya bakteria au yako. Usipoiondoa kwanza, karibu kila gome la msituni litakupa jibu zuri.

Tena asidi ya anakadi haiwezi kila kitu. Kichwa chake ni ndugu wa aspirini, ila kina mkia wa kaboni 15 unaopenda mafuta, nao huvuruga utando wa bakteria. Kwa stafilokokasi sawa. Kwa bakteria kama E. koli au Pseudomonasi, ambao ndio wanaotuhangaisha wodini, mambo ni magumu: wana utando wa pili nje, na wana pampu zinazotapika dawa kabla haijafika inakotakiwa. Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na mmea dhaifu unaoziba pampu hizo, ili antibiotiki ya zamani irudie makali yake, kuliko mmea unaodaiwa kuua kila kitu peke yake.

Mimea hudaiwa kutibu saratani pia, na upande huo swali linabadilika kidogo. Seli za saratani kwenye sahani hufa kwa vitu vingi, hata sabuni. Kwa hiyo dawa ileile lazima iwekwe pia kwenye seli zenye afya, na tofauti kati ya dozi inayoua seli za saratani na ile inayoua zenye afya ndiyo inayohesabika. Taarifa isiyotaja seli zenye afya naifunga.

Hata sifa ya mtaani si dira kamili. Lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe lenye petali tano, Catharanthus roseus, linalojiotea kwenye nyua za Mtwara mjini, lilipelekwa maabara Kanada miaka ya 1950 kwa sababu watu walilinywa kwa kisukari. Sukari haikushuka. Chembe nyeupe za damu za panya ndizo zilizoshuka, na humo zikapatikana dawa za saratani vinblastini na vinkristini; vinkristini mpaka leo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Dawa hizi hupewa kwa miligramu chache tu kwenye mshipa, kwa hiyo kuchemsha majani yake na kunywa ni kujitia sumu usiyojua kipimo chake.

Na asidi ya anakadi? Mwaka 2003 watafiti wa India walionyesha kwamba inazuia vimeng'enya vinavyosaidia seli kuwasha jeni, jambo linalogusa saratani moja kwa moja. Tangu hapo inauzwa kwa maabara kwa miligramu, kama zana ya utafiti. Ganda likichomwa, joto huigeuza kuwa kadanoli, kemikali nyingine, kwa hiyo anayekuuzia «dawa» ya maganda ya kuchoma hakuuzii hata kile kilichopimwa.