Maana ya Matengenezo ya Njia za Umeme kwa Helikopta

Matengenezo ya njia za umeme kwa helikopta ni kazi ya kukagua, kusafisha au kutengeneza nyaya za msongo (volteji) mkubwa pamoja na viungio vyake na vikombe, yaani vihami vinavyoutenga waya na mnara, kutoka angani, bila fundi kuupanda mnara. Nyaya zinazohusika ni zile zinazosafirisha umeme kutoka mitambo ya kuuzalisha hadi vituo vya kuupoza, ambazo mara nyingi hupita milimani, misituni na kwenye vinamasi ambako gari la mafundi halifiki.

Kazi iliyo rahisi zaidi ni ukaguzi. Helikopta hupita taratibu kando ya njia huku kamera ya kupima joto ikitafuta kiungio kilicholegea au kuliwa na kutu, kwani kiungio kibovu huuzuia mkondo na kwa hiyo hupata joto kuliko waya ulio pembeni yake. Sehemu ya ukaguzi huo sasa hufanywa na droni. Helikopta hutumika pia kuosha vikombe kwa maji yaliyoondolewa madini, na kukata matawi kwa misumeno iliyoning'inizwa chini yake.

Kazi inayowashangaza watu, na inayostahili kuelezwa kwa makini, ni ile ya kutengeneza waya ukiwa na umeme. Fundi huketi kwenye jukwaa dogo lililofungwa ubavuni mwa helikopta, rubani humsogeza hadi kwenye waya, naye huufanyia kazi huku umeme ukiendelea kupita. Hufanywa hivyo kwa sababu kuizima njia kuu hulazimisha mzigo wake uhamie njia nyingine, ambazo huenda zikaelemewa.

Fundi hadhuriki kwa sababu mkondo hatari hupita mwilini pale tu panapokuwa na tofauti ya msongo kati ya sehemu mbili ambazo mwili unaziunganisha. Helikopta iliyo angani haigusi ardhi, hivyo ikishaunganishwa na waya huwa na msongo uleule wa waya, sawa na ndege aliyetua juu yake. Hata hivyo kuunganishwa kwenyewe kuna hatua zake. Helikopta inapokaribia, fundi hutanguliza fimbo ya chuma, na cheche huruka kati ya fimbo na waya. Kwa kuwa umeme huo hubadili mwelekeo mfululizo, cheche haziishi mpaka kibanio kinachoiunganisha helikopta na waya kiushike waya huo kikamilifu. Mwilini fundi huvaa suti iliyofumwa kwa nyuzi laini za chuma, inayofanya kazi kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1836, kwamba chumba kilichozungukwa na chuma hukingwa dhidi ya umeme wa nje. Glavu za mpira hazitegemewi hapa, kwa kuwa msongo wa mamia ya kilovoti huzidi uwezo wake.

Usawa huo wa msongo humlinda fundi dhidi ya waya alioushika tu. Akiusogelea waya wa pili au mnara, tofauti kubwa hurudi, na hewa iliyo katikati yaweza kushindwa kuuzuia umeme. Ndiyo maana umbali wa usalama hupigiwa hesabu kabla ya kuruka, kulingana na msongo wa njia husika. Waongozaji wa gridi nao huombwa kuzuia swichi zisiiwashe tena njia zenyewe endapo itajizima kwa hitilafu.

Kwa maoni yangu, hatari inayosahaulika ni ya helikopta yenyewe. Injini ikizimika wakati helikopta inakwenda kasi au iko juu sana, rubani anaweza kutumia hewa inayopita kwenye mapanga ili atue salama. Lakini hapa amesimama hewani, karibu na ardhi, bila mwendo, na mapanga yake yako karibu na nyaya. Kwa hiyo kazi hii hukabidhiwa marubani waliofunzwa mahususi, na upepo ukizidi kipimo kilichowekwa huahirishwa, hata kama kimebaki kiungio kimoja tu.