Utamaduni wa uadilifu ni nini?

Uadilifu na maadili ni maneno ya shina moja, adili, tulilolipokea kutoka Kiarabu likibeba maana ya haki na usawa. Katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, na wala si dhambi, ila hapa yafaa tuyatenganishe. Maadili ni yale ambayo jamii imekubaliana kuwa yanafaa au hayafai. Uadilifu ni mtu kuyashika hayo hata pale ambapo kuyaacha kungemfaidi na hakuna anayemwona. Utamaduni wa uadilifu basi ni hali ambayo kuyashika kumekuwa mazoea ya wengi, kiasi kwamba anayetakiwa kujieleza ni yule aliyekiuka, si yule aliyekataa kukiuka.

Wengi hudhani utamaduni huo unaletwa na maandishi. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilichapisha kitabu cha maadili chenye kurasa 64 mwezi Julai 2000, na uadilifu ulikuwa mojawapo ya tunu zake nne. Desemba 2001 ikafilisika, baada ya kubainika kuwa hesabu zake zilificha madeni makubwa. Tangu 1999 bodi yenyewe ilikuwa imemruhusu mkuu wa fedha aendeshe kampuni za pembeni zilizofanya biashara na Enron. Mgongano wa maslahi ulipewa baraka mezani, na waliokuwa chini wakajua kanuni ni za nani.

Jamii ikianza kulijenga jambo hili, ugumu mkubwa uko kwenye adhabu. Elinor Ostrom, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja misitu, maji ya kumwagilia na maeneo ya uvuvi. Katika zile zilizodumu, watumiaji walishiriki kutunga na kurekebisha kanuni, wasimamizi waliwajibika kwao, na adhabu zilianza ndogo kisha zikapanda kadiri kosa lilivyorudiwa. Watu huliona hilo la mwisho kuwa ni ulegevu. Mimi naliona tofauti: adhabu ikiwa moja tu, ya kumfukuza mtu, nani atamtaja mwenzake? Wataamua funika kombe mwanaharamu apite, na kosa dogo litakua gizani. Onyo jepesi humwezesha mtu kusema mapema bila kuhisi amemwangamiza ndugu yake.

Kisha kuna huyo anayesema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, katika kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie kuwalinda wanaotoa taarifa kwa nia njema. Ni msaada mkubwa, lakini sheria inaweza kumlinda mtu asifukuzwe kazi. Haiwezi kuwalazimisha wenzake wamsalimie. Hapo jamii ndiyo inayoamua kama amewasaliti au amewaokoa, na wanaotazama pembeni huchukua somo lao.

Mengine ni ya kawaida mno, karibu yachoshe. Mweka hazina wa kikundi anakabidhi daftari likaguliwe kila mwisho wa mwezi. Hakuna anayemshuku, siku ya daftari imefika tu. Akiondoka, anayempokea atalikabidhi vilevile, bila mtu kumkumbusha.