Maji kwenye ubongo wa mtoto: yanatoka wapi, na upasuaji wa Mbale ulibadilisha nini

Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa njia nyembamba, na ndani yake kuna maji maangavu yanayotengenezwa usiku na mchana. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Kwa hiyo maji yote hubadilika mara tatu au zaidi kila siku. Hutoka kwenye vishada vya mishipa midogo ya damu vilivyo ndani ya vyumba, hupita chumba hadi chumba, hutokea nje na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Yanaubeba ubongo usijigonge kwenye fuvu, na yanasaidia kuondoa taka zake.

Hidrosefalasi ni hali ya maji hayo kujaa kupita kiasi. Mara nyingi kisa chake ni kwamba njia imeziba, au sehemu za kuyanyonya zimeharibika, huku vishada vikiendelea na kazi yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni kama pipa lililo chini ya bomba lisilofungwa, nalo tundu lake la kutolea maji limezibwa. Vyumba hutanuka na kuusukuma ubongo kwenye fuvu.

Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijaungana bado, kwa hiyo kichwa chenyewe hukua. Ndiyo sababu Tanzania hospitali na wazazi huzungumzia watoto wenye vichwa vikubwa. Lakini ukubwa wa kichwa ni ishara ya nje tu. Madhara yako ndani. Kwa mtoto aliyekwisha kukomaa mifupa, au mtu mzima, fuvu haliachii hata kidogo, na shinikizo huja kwa maumivu makali ya kichwa, kutapika, macho kufifia, na hatimaye kupoteza fahamu.

Dalili kwa kichanga zinaonekana nyumbani kabla ya hospitali. Utosi hutuna na kukaza hata mtoto akiwa ametulia na amekalishwa wima. Mishipa ya damu hujichora kwenye ngozi ya kichwa. Macho huelekea chini, weupe ukaonekana juu ya mboni. Mtoto hulialia, hutapika, huacha kunyonya au hulala kuliko kawaida yake. Kipimo cha kwanza ni tepu ya kawaida: mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia huwa na mzunguko wa kichwa wa karibu sentimita 35, na akifikisha mwaka huwa kwenye 46 hivi. Kinachomshtua mhudumu wa kliniki ni kasi, yaani namba zinazopanda haraka kuliko mstari wa chati. Na kwa kuwa utosi bado uko wazi, altrasaundi inaweza kupitishwa hapo na kuonyesha vyumba vilivyotanuka, hata mahali pasipo na mashine kubwa za picha.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Mama wa mtoto huyu mara nyingi hubebeshwa lawama: amerogwa, amevunja mwiko, kuna mkono wa mtu. Wapo wanaoachwa na waume zao. Wiki zinazopotea kwa mganga, au kwa kumficha mtoto ndani, ndizo wiki ambazo ubongo unabanwa. Hakuna alichotazama wala alichokanyaga mama huyo kinachoweza kuyajaza maji kichwani mwa mwanawe.

Visababishi vinajulikana. Wapo wanaozaliwa njia ikiwa imeziba. Wapo wenye mgongo wazi, kasoro inayotokea pale mfereji wa neva wa kijusi usipofunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba. Wengi wao hupata na maji kichwani. Na wapo waliozaliwa wazima wakaugua. Kundi hili la tatu ndilo kubwa katika ukanda wetu. Mwaka 2005 daktari Benjamin Warf alichapisha takwimu za watoto 300 waliotibiwa Mbale, mashariki mwa Uganda: kwa asilimia 60 chanzo kilikuwa maambukizi ya ubongo, na wengi wao waliugua ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mtoto anapata homa, anapata degedege, anapona au anaonekana kapona. Wiki chache baadaye kichwa kinaanza kukua, kwa sababu makovu ya maambukizi yameziba njia.

Tiba iliyozoeleka duniani ni shanti: mrija wa silikoni unaoanzia ndani ya chumba cha ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni, ambako maji hunyonywa. Katikati yake kuna valvu inayozuia maji kurudi. Valvu hiyo ina historia ya kugusa. John Holter, fundi mitambo wa Philadelphia, alikuwa na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi na maji kichwani. Akaibuni kwa kushirikiana na daktari Eugene Spitz, ikaanza kutumika mwaka 1956. Kabla ya hapo watoto wengi wa namna hiyo walikufa tu. Shanti imeokoa maisha ya watu wengi mno, na ingali inaokoa.

Shida yake ni kwamba takriban nusu ya shanti wanazowekewa watoto hushindwa kazi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Huziba, hukatika, hupata vijidudu, au mtoto hurefuka mrija ukawa mfupi. Ikiziba, maji hupanda upya, na pengine kwa saa chache tu mtoto yuko hatarini. Anayeishi karibu na hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo hukimbizwa, akafunguliwa, akabadilishiwa. Wa kijijini Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mvua imeharibu barabara na nauli hakuna, atafanyaje? Kwa familia kama hiyo shanti ni deni la maisha yote, na siku ya kudaiwa haijulikani.

Warf alilikuta swali hilo likimsubiri. Alihamia Mbale kutoka Marekani mwaka 2000, na hospitali ya watoto ya CURE ikafunguliwa mwaka uliofuata. Kwanza aliangalia bei. Shanti ya Chhabra, iliyotengenezwa India, iligharimu kama dola 35. Aina iliyozoeleka Marekani, dola 650. Akazilinganisha kwa watoto 195, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini hata shanti ya dola 35 huziba. Suluhisho lilikuwa kumtibu mtoto bila kumwachia kifaa chochote mwilini.

Akaunganisha mawazo mawili ya zamani. La kwanza: kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia ya mkato kutokea nje. William Mixter alilifanya Boston mwaka 1923. La pili: kuunguza vile vishada vinavyotengeneza maji, ili yapungue tangu chanzoni. Victor Lespinasse wa Chicago, ambaye alikuwa daktari wa njia ya mkojo, alilijaribu mwaka 1910 kwa kifaa cha kuchungulia kibofu. Yote mawili yaliwekwa kando: vifaa vya kuonea vilikuwa duni, vifo vilikuwa vingi, kisha shanti ikaja ikatawala.

Mbale yakarudi pamoja. Daktari anapitisha endoskopu, kamera nyembamba inayopinda, pembezoni mwa utosi hadi ndani ya vyumba. Anashuka chumba cha tatu, anatoboa sakafu yake kwa uangalifu mkubwa, maana chini yake kuna mshipa mkuu wa damu ambao ukiguswa vibaya mtoto anaweza kufia mezani. Kisha anakigeuza kifaa na kuviunguza vishada kwa umeme, upande mmoja na wa pili. Akimaliza anashona ngozi. Hakuna mrija uliobaki ndani.

Ripoti nyingine ya Warf ya mwaka 2005, kuhusu upasuaji huu, ilihusu watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47; kutoboa pamoja na kuunguza, asilimia 66. Kwa wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 35 dhidi ya 76. Na jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata asilimia hizo ni muda. Upasuaji huu ukishindwa, mara nyingi hushindwa ndani ya miezi sita ya mwanzo, wakati mama bado anarudi kliniki. Ukivuka hapo, kwa kawaida umedumu. Shanti inaweza kuziba mwaka wa kwanza, wa saba au wa ishirini.

Madaktari wa kwingine walikuwa na wasiwasi wa haki kabisa. Shanti huvipunguza vyumba haraka; baada ya upasuaji wa Mbale vyumba mara nyingi hubaki vipana. Je, ubongo utakua sawasawa? Swali halikujibiwa kwa mabishano. Watoto 100 wa Uganda wenye umri chini ya miezi sita, wote waliopata maji baada ya maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu: 51 wakafanyiwa upasuaji wa kamera, 49 wakawekewa shanti. Matokeo yalitoka Desemba 2017. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika uwezo wa akili wala ukubwa wa ubongo. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya kundi la kamera na 24 ya kundi la shanti, tofauti ambayo kwa idadi ile haikutosha kusema moja ni bora. Mimi naisoma hivi: kama ubongo unafika palepale, mtoto anayeishi mbali na bingwa ana sababu nzito ya kupewa kwanza njia isiyomfunga kwenye mrija.

Madaktari kutoka nchi nyingi wamekwenda kujifunza Mbale, na Warf mwenyewe baadaye akaipeleka mbinu hiyo Boston. Elimu ilitoka mashariki mwa Uganda ikaenda Marekani, na inafaa isemwe hivyo bila kupunguzwa.

Kwa mgongo wazi kuna hatua nyingine, ambayo kwa sasa ni ya hospitali chache sana duniani: kuufunga mgongo mtoto akiwa bado tumboni, kabla ya wiki ya 26. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2011 lilionyesha kwamba waliohitaji shanti kufikia umri wa mwaka mmoja walishuka kutoka asilimia 82 hadi 40. Kilicho karibu yetu zaidi ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ikianzwa kabla ya kushika mimba. Ukisubiri kuanza kliniki ya wajawazito mwezi wa tatu au wa nne, mfereji wa neva ulishafunga au ulishashindwa kufunga. Ndiyo maana kuongeza foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi kuna maana kubwa: humfikia hata mwanamke ambaye hajajua kuwa ana mimba.

Baada ya upasuaji, wa kamera au wa shanti, kazi ya nyumbani ni kutazama. Kichwa kipimwe kila kliniki, utosi uguswe mtoto akiwa ametulia. Kutapika kusikoeleweka, usingizi mzito au macho kurudi kuelekea chini ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Aliyewekewa shanti akipata homa, au ngozi juu ya mrija ikiwa nyekundu, asipewe dawa za dukani akasubirishwa.

Hata upasuaji uliofanikiwa una mpaka wake. Unafungua njia ya maji, lakini haurudishi sehemu ya ubongo iliyokwisha kuliwa na maambukizi. Kwa sababu hiyo mtafiti Steven Schiff na wenzake Uganda na Marekani walirudi kwenye chanzo, wakapima maji ya ubongo na damu za watoto 100. Mwaka 2020 walitangaza kuwa kwa wengi wa waliougua baada ya maambukizi walikuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye vipimo vya kawaida vya kuotesha vijidudu vilikuwa vikimkosa, na mara nyingi akiwa pamoja na virusi vya saitomegalo. Sasa wanatafuta bakteria huyo anamfikiaje kichanga katika siku zake za mwanzo, na ni dawa ipi apewe mtoto mwenye homa kabla makovu hayajaziba njia.